Lango la Miiba Chini ya Sekenke

Baba yangu, Ezekieli, alikuwa mtu wa kujua upepo unatoka wapi kabla ya kujua kingine chochote. Hata sufuria ikichemka jikoni, aliangalia mvuke unaelekea upande gani. Watu wa Shelui walimwita Mzee Upepo, na watoto wakorofi walimpulizia midomo akipita, fyuu, fyuu, halafu wakatoka mbio. Yeye alicheka tu. Mimi sikucheka. Niliwahi kuwatandika wawili watatu kwa ajili hiyo, na mmoja wao sasa ni mzee wa kanisa. Tukikutana bado anashika sikio lake.

Naeleza maisha yake kwa sababu wanaoyaeleza huyaeleza vibaya. Wanasema alikuwa mtu wa Wazungu wa mgodi, akapatwa na mkosi, akili ikaruka kidogo. Akili yake haikuruka hata siku moja. Alikuwa mtu mwenye heshima kupita kiasi, na heshima hiyo ndiyo iliyoniondolea mama. Nikisema hivyo wazee wananuna. Na wanune.

Ukiteremka mlima Sekenke, pale unapokwisha na mbuga ya Wembere kuanza, zamani palikuwa na mgodi mdogo wa dhahabu. Leo huoni hata tofali lake. Wenye mgodi walikuwa na ndege ndogo ya kuletea dawa na spea za mashine, na kuondokea na dhahabu. Walifyeka kichaka wakatengeneza kiwanja, kikaanzia upande wa mbugani na kuishia karibu na mawe ya mlima. Baba alikuwa mmoja wa waliokifyeka. Hiyo ilikuwa kabla ya vita vya Hitla, Mwingereza akiwa ametulia kabisa nchini kana kwamba alizaliwa hapa.

Rubani tulimwita Bwana Miwani, kwa sababu miwani yake mikubwa ya kuendeshea ilimwachia duara mbili nyeupe usoni, na uso wenyewe mwekundu wa jua. Yeye ndiye aliyemtoa baba kwenye jembe akamfundisha kulinda upepo. Mimi nilifundishwa na baba baadaye, kwa kunguru. "Mwangalie akitaka kutua," aliniambia. "Hata siku moja hatui akiwa ameupa upepo mgongo. Anazunguka kwanza, anaukabili, ndipo anashusha miguu." Ndege ndogo ni hivyo hivyo. Upepo wa mbele unaishika na kuipunguza mwendo. Upepo wa nyuma unaisukuma. Magurudumu yanagusa ardhi lakini yenyewe haitaki kusimama, inakwenda tu kama ng'ombe aliyeumwa na nzi.

Kwetu upepo wa kila siku hushuka kutoka mlimani. Kwa hiyo ndege ilizoea kuja kutoka mbugani na kutua ikiutazama mlima. Upepo ule nao ulikuwa na hila zake, kwani karibu na mlima hewa huporomoka na kuikandamiza ndege chini kabla ya wakati wake, lakini Bwana Miwani alikwisha kuuzoea. Alichokiogopa kilikuwa kingine. Mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado, jua likishapanda mbuga yote inachemka, na mchana upepo unaweza kugeuka mara moja. Unatoka Wembere na ukuta wa vumbi, unaukimbilia mlima. Rubani ambaye amekwisha kuangalia chini, akajipanga, akaanza kushuka, hana habari. Macho yake yako kwenye ardhi anayoitafuta.

Ndiyo maana waliweka mtu. Katikati ya kiwanja palikuwa na mti mrefu wenye mfuko wa kitambaa juu yake, uliovimba upande upepo unakoelekea. Karibu na mti, baba aliwasha moto na kuutupia majani mabichi ili moshi uonekane kutoka mbali. Na mwanzoni mwa kiwanja, upande wa mbugani, alisimama yeye mwenyewe ndege ikija, ana kitambaa chekundu kwapani. Upepo ukigeuka, alitakiwa kukikunjua na kukipunga. Rubani akikiona, anaacha kutua, anapanda tena juu na kuzunguka. Kazi yote ya baba ilikuwa hiyo. Siku nyingi kitambaa hakikutoka kwapani.

Siku moja kilitoka. Upepo uligeuka, baba akapunga, ndege ikapita juu ya kichwa chake ikinguruma, ikapanda, ikazunguka, ikatua upande wa pili salama. Bwana Miwani alishuka, akampa baba mkono mbele ya watu wote. Kwa mtu mweusi wa mgodini, mkono ule ulizungumzwa vilabuni mwezi mzima.

Wakati huo baba alikuwa amemwoa mama yangu, Kristina, binti wa Bibi Elina wa juu mlimani. Na hapa sina budi kueleza jambo moja, maana wajukuu zangu wa mjini wanalicheka. Kwetu Iramba zamani mwanaume na mama mkwe wake hawakutazamana. Mwanaume akimwona anakuja njiani, anaiacha njia, anaingia porini na kugeuza mgongo mpaka apite. Mama mkwe naye anajifunika uso kwa nguo. Hawapeani mikono, hawaitani majina. Kukiwa na neno linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama mmoja yuko ndani na mwingine nje ya ukuta, na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa. Kumpita mama mkwe na kumgusa hata nguo ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Baba aliishika mila hiyo kuliko waliomfundisha. Kuna siku Bibi Elina alikutana na rafiki yake njiani wakaanza maongezi, na mvua ikaanza nayo. Wale wawili walikuwa chini ya mti. Baba alikuwa kichakani, amegeuza mgongo, akanyeshewa mpaka maongezi yakaisha, na maongezi ya bibi yangu hayakuwa mafupi. Watu walicheka mno. Bibi alijivuna: "Mwanangu ameolewa na mtu!"

Mila hiyo ilikuwa na mlango wake wa kutokea. Mtoto wa kwanza akizaliwa, mkwe hupeleka mbuzi, mama mkwe humla pamoja na wanawake wenzake, na tangu siku hiyo wanaweza kutazamana na kusalimiana kama watu. Mama yangu aliingoja siku hiyo kuliko wote. Ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kati yao. Alimwambia baba, "Nikijifungua tu, mbuzi awe tayari. Nimechoka kuwa tarishi wenu."

Mimba yake ilipokaribia mwisho mambo yaliharibika. Dresa wa mgodi, yule wa kufunga vidonda na kutoa dawa, mtu wa Ihanja aliyeitwa Gasto, alimpapasa tumboni akasema mtoto amelala kimshazari na hatatoka bila kupasuliwa. Hospitali ya kupasua ilikuwa mbali sana, na kwa lori angefia njiani. Baba hakwenda kulia ofisini. Alikwenda kusimama kando ya ndege, amevua kofia, hasemi. Bwana Miwani alikuwa anaondoka na kiti kimoja kilikuwa kitupu. Akauliza, akaelezwa, akasema mleteni.

Wanawake walilia siku ile kana kwamba wanamzika. Mtu kuingia tumboni mwa ndege, wapi na wapi! Mama, na uchungu wake wote, alitoa kichwa dirishani akamwita baba: "Mbuzi, Ezekieli!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Baba alinisimulia mara nyingi, na kila mara alitabasamu kwanza kabla uso haujabadilika.

Mama akapasuliwa, nikatoka, tukapona wote wawili. Habari ilimfikia karani wa mgodi, Samweli, kwa simu ya upepo, naye akakimbia nayo mpaka kiwanjani bila viatu. Baada ya wiki kadhaa akaja tena na habari nyingine: ndege inarudi kesho asubuhi, na Kristina yumo na mtoto wake. Baba alinunua mbuzi mweupe mwenye baka jeusi shingoni, akamfunga nyuma ya nyumba. Akafagia kiwanja chote, hata mahali ambapo hapakuhitaji kufagiwa.

Asubuhi ni wakati mzuri. Upepo bado umelala, hewa imetulia, ndege inatua kama kuku anayekalia mayai. Baba aliwasha moto mapema. Bibi Elina aliteremka mlima na wanawake wenzake, amebeba kibuyu cha uji wa uwele kwa ajili ya mzazi. Kwa kuwa watu hawakuruhusiwa kuingia kiwanjani, walikaa nje ya ua. Kiwanja kizima kilizungushiwa miiba ya migunga ili ng'ombe wasiingie, na palikuwa na lango moja tu, jembamba, la kumpitisha mtu na toroli lake. Baba aliwaona akakaa upande wake, amegeuza mgongo. Asubuhi ikapita. Ndege haikuja.

Baadaye tulijua kwamba huko ilikotoka waliisubirisha ipakie spea ya pampu. Spea! Mimi sijawahi kuliangalia bomba la maji nikafurahi. Jua likapanda, mbuga ikaanza kucheza machoni kwa joto, vumbi likainuka hapa na pale likizunguka. Baba alianza kutembea huku na huku. Alitamani isije siku ile. Alimwambia hivyo Samweli: "Afadhali walale huko huko." Lakini kutamani si kitambaa cha kupunga.

Moto ulikuwa umekula majani yote. Baba akaning'iniza kitambaa chekundu kwenye msumari wa mti wa upepo, akachukua panga, akatoka langoni kwenda kukata matawi mabichi. Alipokuwa huko nje ndipo ndege ilipolia angani. Ilizunguka mara moja juu ya kiwanja. Bwana Miwani aliangalia chini, akaona mfuko umevimba kuelekea mbugani, upepo ni ule ule wa mlimani. Akaenda zake mbali juu ya Wembere ili ajigeuze na kuja kutua. Wanawake vijana wakainuka wakakimbia kufuata ua, wakipiga vigelegele. Bibi Elina nyonga yake ilikuwa mbovu, hakuweza kukimbia. Alijisogeza mpaka langoni, akakaa katikati ya lango, miguu ameinyoosha mbele, kibuyu mapajani, ili awe wa kwanza kumpokea mwanawe.

Baba alikuwa anarudi na mzigo wa matawi begani. Alisema kwanza alisikia kimya. Majani yalisimama. Moshi mdogo uliobaki, uliokuwa umelalia mbugani, ukasimama wima kama mtu anayesikiliza, halafu ukalala upande wa pili. Akageuka akaona ukuta wa vumbi unakuja kutoka Wembere, na mbele ya vumbi ndege ndogo inashuka, mama yangu ndani yake, mimi kifuani mwa mama. Akatupa matawi akakimbia.

Kitambaa kilikuwa ndani ya ua. Akafika langoni na mama mkwe wake amelijaza lango.

Nimesimama kwenye lango lile, au mahali lilipokuwa, mara nyingi. Nimejaribu kuwa yeye. Nadhani ningeruka. Lakini mimi sikulelewa kama yeye, na sikulowa kichakani kwa ajili ya maongezi ya bibi kizee. Baba alisema, "Mwanangu, sikufikiri. Miguu iligeuka yenyewe." Aligeuka, akafuata ua mpaka mahali mbuzi walipokuwa wametoboa, akajitupa ndani ya miiba kifua mbele. Makovu yake mikononi na shingoni niliyacheza kwa vidole nikiwa mdogo bila kujua ni ya nini.

Na bibi? Bibi alisikia miguu ya mwanaume inakimbia kuja, akajua ni nani, akafanya alichopaswa kufanya. Akavuta kaniki akajifunika uso. Kwa hiyo hakuona kitu. Alikaa langoni gizani mwa kaniki yake, mama mkwe mwenye heshima zake, akiusikia mlio wa ndege ukija chini, chini, kisha ukipita kwa kasi kuliko inavyopasa.

Upepo uliishika ndege kwa nyuma wakati magurudumu yanataka kugusa. Iligusa mbali sana ndani ya kiwanja, ikaruka, ikagusa tena. Baba alitokeza kwenye miiba, damu inamtoka, kitambaa amekifikia, anakipunga, lakini ndege ilikuwa imekwisha kumpita na kumwonyesha mkia. Ikakimbia mpaka kiwanja kikaisha. Bawa likapiga jiwe, ndege ikapinduka.

Bwana Miwani alivunjika paja akapona. Mama yangu alikuwa amejikunja juu yangu na blanketi la hospitali. Walinitoa chini yake nikilia. Yeye hakulia. Baba ndiye aliyembeba kutoka mle, na walipofika langoni bibi alikuwa bado amejifunika, anauliza, "Wamefika? Wamefika?" Hakuna aliyemjibu. Baba hakuweza kumjibu, maana hakuruhusiwa kusema naye. Alisimama pale na mkewe mikononi, amegeuza uso, mpaka wanawake wakaja wakamwinua mama yake Kristina wakamsogeza, ndipo akapita.

Mbuzi mweupe alichinjwa matangani.

Alikuja ofisa mmoja kuuliza. Akamwuliza baba kwa nini kitambaa hakikupungwa. Baba akasema, "Nilichelewa." Kwa nini alichelewa? Akarudia neno lile lile. Angesema lango lilizibwa, na nani? Alikuwa tayari afukuzwe kazi, afungwe, kuliko kumtaja mama mkwe wake mbele ya ofisa. Wakasema basi, ni upepo. Watu wote mpaka leo wanasema ni upepo. Naam, ulikuwa upepo. Ila upepo haukuwa peke yake.

Mimi nililelewa na bibi, kama ilivyo kwetu mtoto akifiwa na mama. Baba aliendelea kulinda kiwanja mpaka mgodi ukafungwa, na hakuoa tena. Walimtafutia mwanamke mara mbili, akawa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, mpaka wakachoka. Kila baada ya siku kadhaa alipanda mlima na maziwa yangu. Hakuja mbele ya nyumba. Alisimama nyuma, karibu na zizi la ndama, akakohoa. Kikohozi hicho nakijua kuliko sauti yake. Kwa sababu mbuzi wa kuwafungulia nyuso alikwisha kuliwa msibani, na kwa mila yetu mzazi akishakufa mbuzi mwingine hapelekwi, wakabaki vilevile. Nilipoanza kusema tu, nikarithi kazi ya mama.

"Rahabu, mwambie baba yako maziwa ya juzi yalichacha."

"Baba, bibi anasema maziwa yalichacha."

"Mwambie nimesikia. Nitaosha kibuyu vizuri."

"Bibi, baba anasema—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mchezo. Nilipokua nikaona ni ukatili, na hasira hiyo bado ninayo. Watu wawili waliompenda mtu mmoja, wamempoteza siku moja, ukuta wa udongo katikati yao, na hawawezi hata kupeana pole. Majuto ni mjukuu, wasemavyo. Nyumbani kwetu majuto na mjukuu walilala kitanda kimoja.

Bibi alikuwa na jambo lake. Hakukubali mtu akae mlangoni. Mgeni, mtoto, hata mbwa. "Ondoka mlangoni!" alipiga kelele mpaka majirani wakamwona mgomvi. Siku moja, nikiwa tayari msichana, nilimwuliza ana nini na milango. Akaniambia yote: alivyokaa, alivyosikia miguu, alivyojifunika. "Ningejiviringisha tu pembeni," alisema. "Mimi mwenyewe nilimfungia mwanangu njia." Nikateremka kwa baba nikamwuliza naye. Akasema, "Mama hana kosa. Alikaa ili ampokee mwanawe. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi, na miguu yangu haikuitaka kazi, iliitaka sifa." Kila mmoja aliushika mzigo peke yake na kumwogopa mwenzake. Bibi aliamini mkwe wake anamlaani kimoyomoyo. Baba aliamini mama mkwe anajua kwamba angeweza kupita na hakupita.

Nikamwambia bibi, "Basi nimwambie baba?"

"Neno hilo mkwe hapelekewi na mtoto."

"Mwambie wewe."

"Nimwambie kwa mdomo gani?"

Inawezekana hata angepita ndege ingeanguka. Vumbi lilikuwa karibu, na rubani angeweza asikione kitambaa. Nilimwambia baba hivyo mara nyingi. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mhubiri, kisha akainua uso kuangalia matawi yanavyotikisika.

Miaka ikaenda. Nikaolewa Shelui, nikapata mtoto wangu wa kiume, nikamwita Marko. Wakati huo watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za Uhuru, na bibi akaanza kuumwa kifua. Nikapanda mlima kwenda kumuuguza. Alikuwa amebaki mdogo, wa kubebwa na mtu mmoja. Asubuhi moja alisema anasikia baridi, nimtandikie ngozi yake mlangoni, apate jua.

"Mlangoni, bibi?"

"Umesikia."

Nikamtandikia. Mlango wa nyumba ile ulikuwa mwembamba, na alipojilaza kwa ubavu aliuziba. Kaniki yake ilikuwa miguuni. Nikataka kumfunika, akaisukuma. Nikakaa ndani na Marko, sikuelewa bado.

Baba akafika nyuma ya nyumba na maziwa. Akakohoa.

"Mwambie aje mbele," bibi alisema.

"Baba, bibi anasema uje mbele."

Nikasikia miguu yake inazunguka polepole. Akatokea kwenye kona ya nyumba, mzee sasa, uso ameugeuzia zizini, kibuyu mkononi. Kwa pembe ya jicho akaona mlango una mtu. Akasimama, kisha nikaona miguu yake inaanza kugeuka, ile ile, ikirudi ilikotoka.

"Ezekieli."

Sikuwahi kusikia jina la baba kinywani mwa bibi. Naye baba hakuwahi. Alisimama kama aliyechomwa.

"Usizunguke," bibi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo na ilikatikakatika kwa kifua, lakini haikupitia kwangu. "Leo usizunguke, baba. Pita."

"Mama…"

"Pita, nikuone."

Baba aliweka kibuyu chini. Akaja mpaka mlangoni. Akageuka ubavu, akaweka mguu mmoja kati ya mgongo wa bibi na mwimo wa mlango, akavuta wa pili. Shuka lake likamgusa bibi bega. Bibi hakujifunika. Alimfuata kwa macho, uso wake wazi, mpaka baba akawa ndani. Kisha akageuza shingo, akaiangalia ile nafasi aliyopitia, akaipima kwa kiganja.

"Kumbe panapitika," akasema.

Baba akakaa chini pale pale kwenye udongo, mbele yake, akamtazama. Akamjibu mwenyewe.

"Panapitika, mama. Palipitika hata siku ile."

"Nami ningesogea, mwanangu. Ningesogea."

Nikamchukua Marko mgongoni, nikapita katika nafasi ile ile, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba karibu na zizi, mahali baba alipokuwa akisimama siku zote. Hawakunihitaji tena. Nilisikia kupitia ukutani wanavyolia, wote wawili kwa sauti, wakimtaja mama yangu kwa jina.